Jicho la nzi na jeni zake: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Nzi wa kwenye vitabu vya jenetiki ndiye anayetia funza kwenye embe."
Hapana. Mharibifu mkubwa wa maembe, Tabora na kwingineko nchini, ni Bactrocera dorsalis, anayekaribia ukubwa wa nzi wa nyumbani. Hutoboa tunda likiwa bado mtini. Nzi wa vitabuni, Drosophila melanogaster, ana milimita 2 hadi 3 tu, macho mekundu, na hufuata tunda lililokwisha chacha. Kipande cha ndizi mbivu na chembe za hamira ndani ya chupa yenye faneli ya karatasi vitamnasa, japo ndugu zake wa spishi nyingine nao wataingia.

"Jeni ya eyeless huondoa macho."
Kinyume chake. Ikiwa nzima huanzisha jicho; jina lake, "bila macho" kwa Kiingereza, linatokana na kasoro inayoonekana ikiharibika.

"Basi jeni moja inatosha kutengeneza jicho."
Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwaka 1995, Halder, Callaerts na Gehring waliiwasha eyeless kwenye miguu, mabawa na vipapasio, macho yakaota huko. Masimulizi mengi huishia hapo. Lakini macho hayo hayakuota popote tu: tishu lazima iwe inapokea pia ishara nyingine, mojawapo protini ya Dpp. Tena eyeless ina wenzake. Twin of eyeless huitangulia. Sine oculis na eyes absent huipokea kazi, pamoja na dachshund, nazo huirudishia nguvu. Ziondoe sine oculis na eyes absent, na eyeless itawaka bure.

Jeni ya panya inayolingana nayo, Pax6, nayo iliotesha macho kwa nzi. Yalikuwa macho ya nzi, yenye vijicho vingi (vitengo vidogo vinavyounda jicho la nzi), si ya panya: jeni hutoa amri, tishu ya nzi hujenga inachojua kujenga. Kwa binadamu, nakala moja ya PAX6 ikiharibika, mtoto huweza kuzaliwa bila ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni.

"Jicho lote hutokea mara moja ndani ya pupa."
Kazi huanza kwa buu wa hatua ya tatu. Mkunjo mdogo kama mfereji husogea kutoka nyuma ya tishu ya jicho kwenda mbele, ukiacha safu ya vijicho kila baada ya saa 2 hivi, mpaka vitimie kama 750. Kila kijicho kina seli nane za kupokea mwanga, R1 hadi R8. R8 hutangulia, ikiongozwa na jeni ya atonal. R7 huja mwisho. Jeni ya sevenless isipofanya kazi, R7 hugeuka seli ya kutengeneza lenzi.

"Macho meupe ni upofu."
Nzi mwenye macho meupe aliyeelezwa na mwanajenetiki Morgan mwaka 1910 ana vijicho vyote. Jeni ya white, iliyo kwenye kromosomu X, ikiwa nzima husafirisha malighafi ya rangi nyekundu na ya kahawia; kwake imeharibika. Bila rangi hizo mwanga huvuja kati ya kijicho na kijicho, hivyo huona vibaya, lakini huona.

Ukitaka kupandisha nzi hawa darasani, chagua majike ndani ya saa 8 tangu waibuke kwenye pupa. Wakikawia huwa wameshapandwa na huhifadhi mbegu. Kwenye nyuzi 25 kizazi huchukua siku 10 hivi. Joto la Oktoba Tabora ni hatari: madume waliokulia kwenye nyuzi 30 huwa tasa, mayai hayaanguliwi, na lawama huangukia jeni. Weka chupa mbali na bati, zikiwa zimezungushiwa kitambaa kibichi ndani ya sinia la maji.