Je, wajua kwa nini mtu wa safu ya nne alitwaa kombe ambalo Gretzky hakulipata akiwa kocha?

Katika ligi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni huko Amerika Kaskazini, hakuna aliyewahi kukusanya pointi nyingi kama Mkanada Wayne Gretzky: 2,857, yakiwemo mabao 894 (kila bao, na kila pasi ya bao, ni pointi moja). Alistaafu mwaka 1999 akiwa ametwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hiyo, mara nne. Mwaka 2005 akakabidhiwa timu ya Phoenix Coyotes aifundishe. Misimu minne ikapita, timu haikufika hatua ya mtoano hata mara moja, na mwaka 2009 akaondoka.

Sasa mtazame Mkanada mwenzake, Craig Berube. Alicheza misimu 17 katika ligi hiyohiyo, mechi 1,054, akafunga mabao 61 tu. Alichokusanya kwa wingi ni dakika za adhabu, yaani za kutolewa nje kwa makosa: 3,149. Zigawe kwa 60 utapata zaidi ya saa 52, yaani siku mbili kamili na ushee. Na huyu ndiye aliyeiongoza St. Louis Blues kutwaa Kombe la Stanley mwaka 2019, la kwanza kwao tangu waanze kucheza ligi hiyo mwaka 1967. Iliwezekanaje?

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Kila timu huwa na watu sita uwanjani pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye makali chini, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Nairobi wapo Ice Lions, waliojifunza mchezo huu kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, kwa hiyo kwetu si jambo la kusikia tu. Mechi ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja, lakini hakuna kifua kinachohimili kasi hiyo mwanzo hadi mwisho. Mchezaji huingia kwa zamu ya sekunde 45 hivi, hutoka akihema, huruka ubao unaouzunguka uwanja na kuketi benchi, na mwenzake huingia hata kama mchezo haujasimama. Washambuliaji 12 hupangwa katika safu nne, watatu watatu. Safu ya kwanza ni ya mastaa, ambao hucheza dakika 20 na zaidi. Safu ya nne, ya watu kama Berube, ikipata dakika nane au tisa ishukuru.

Jibu naliona kwenye hizo dakika zilizobaki. Mtu wa safu ya nne huutazama mchezo akiwa benchi, na kocha amesimama nyuma yake. Anasikia nani ameitwa aingie, anaona beki gani wa wapinzani ameanza kuchelewa kugeuka, anamwona mwenzake aliyerukwa zamu mbili akiinamisha kichwa. Na kwa kuwa hana kipaji cha kumwokoa akikosea, kila hatua yake ameelekezwa: simama hapa, funga njia ile, usivuke mstari huu. Aliyefundishwa namna hiyo anajua pia namna ya kufundisha. Gretzky alikuwa akiona kisahani kitaelekea wapi kabla hakijafika. Jicho kama hilo utamwazimaje mtu?

Kazi ya Berube ilikuwa pia ulinzi wa wenzake. Katika hoki, atakayemchezea rafu staa wako atakutana na mbabe wenu, watarushiana ngumi, na kila mmoja atakwenda kukaa dakika tano kwenye kizimba cha adhabu. Gretzky mwenyewe aliijua thamani ya watu hao: alipouzwa Los Angeles mwaka 1988, mlinzi wake Marty McSorley alikwenda naye. Mtu aliyezoea kuumia kwa ajili ya wengine, akiwaambia vijana wajitolee, wanamwamini.

Tusimwonee Gretzky, hata hivyo. Timu aliyopewa ilikuwa dhaifu, na mwaka 2009 ilifilisika. Wala ustaa peke yake hauzuii mtu kuwa kocha mkubwa. Toe Blake alikuwa mshambuliaji hatari wa Montreal, kisha akaifundisha timu hiyohiyo na kutwaa makombe manane kati ya 1956 na 1968.

Njia ya Berube nayo haikuwa nyoofu. Alianza ukocha na timu ya akiba ya Philadelphia Flyers, akapanda hadi kuwa kocha mkuu wa Flyers mwaka 2013, akatimuliwa mwaka 2015. Akarudi ligi ya chini na Chicago Wolves, kisha akaenda St. Louis kuwa msaidizi. Novemba 2018 kocha mkuu akafukuzwa, naye akapewa timu kwa muda tu. Alfajiri ya Januari 3, 2019, Blues walikuwa mkiani kati ya timu 31.

Siku chache baadaye golini akasimama kipa mgeni katika ligi, Jordan Binnington, na katika mechi ya kwanza aliyoianza hakufungwa hata bao moja. Alexander Steen, mkongwe wa timu, alishushwa safu ya nne, naye akakubali kucheza huko bila kununa. Mimi naliona hilo kuwa kubwa kuliko mbinu yoyote ya ubaoni, maana aliyemshusha alikuwa ameishi huko chini miaka 17.

Fainali dhidi ya Boston, ambayo huchezwa hadi timu moja ishinde mechi nne, ilifika mechi ya saba, ya mwisho, Juni 12, ugenini. Blues walishinda 4-1. Bao la nne lilifungwa na Zach Sanford, kijana aliyekaa nje kwa wiki nyingi hadi Berube alipomrudisha kikosini katika mechi ya tatu ya fainali hiyo.