Mrejesho na toni kwenye pedali ya dilei: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Pedali ya dilei huchelewesha sauti ya gitaa na kuirudia kama mwangwi. Wapiga gitaa wengi huamini kwamba nobu yake ya mrejesho, yaani fidibaki, ndiyo inayopandisha sauti ya mwangwi. Kazi hiyo ni ya nobu ya miksi, inayopanga kiasi cha mwangwi dhidi ya sauti halisi ya gitaa. Mrejesho huamua ni kiasi gani cha sauti iliyokwisha kucheleweshwa kinarudishwa mwanzoni mwa sakiti ili kicheleweshwe tena, na ndiyo maana hata ukiufunga kabisa, mwangwi mmoja hubaki.

Hudhaniwa pia kwamba nobu ya mrejesho huongeza marudio kwa mwendo ulio sawa. Chukua dilei ya milisekunde 400. Kila mzunguko ukirudisha nusu ya kimo cha mawimbi (amplitudo), kila mwangwi hushuka takriban desibeli 6 chini ya uliotangulia, na huchukua sekunde 4 hivi kufifia kwa desibeli 60. Kwa asilimia 70, mkia huo wa mwangwi hukaribia sekunde 8. Kwa asilimia 90, hupita sekunde 26. Ukivuka asilimia 100 mwangwi haufifii tena, bali hukua wenyewe hadi kuwa mvumo. Wanaohofia kwamba pedali itaungua huhofia kisichostahili: kinachohitaji kulindwa hapo ni masikio na spika.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kuona mwangwi mzito, usio na ukali, kuwa kasoro ya pedali za analogi. Chipu ya MN3005, iliyotumika katika baadhi ya pedali hizo, hupokezana sauti katika hatua 4,096, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Saa yake, yaani mapigo ya umeme yanayosukuma sauti kutoka hatua moja hadi nyingine, ikienda kwa kilohezi 10, ucheleweshaji hufika milisekunde 205 hivi. Kila dilei inaporefushwa, saa hupunguzwa kasi na kelele yake husogelea masafa tunayoyasikia, hivyo mafundi huweka chujio la kukata sauti za juu. Mwangwi uliokatwa hivyo huiachia nafasi noti mpya unayoipiga.

Nobu ya toni nayo, katika pedali nyingi, haigusi sauti halisi ya gitaa, hugusa mwangwi tu. La muhimu ni mahali lilipo chujio lake. Piga noti moja fupi, zima nyuzi kwa kiganja, kisha linganisha mwangwi wa kwanza na wa nne. Ukiwa umepungua sauti tu, chujio liko nje ya mzunguko wa mrejesho; ukiwa umezidi kuwa mzito, limo ndani, na kila pito hulikuta upya. Kwenye pedali ya namna hii ya pili, shusha toni kwanza, ndipo upandishe mrejesho.