Vitenzi vya kubangaiza kwa Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa. Mzigo unaofika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hupungua, na mchuuzi hubangaiza mpaka giza lirudi. Akitaka kuisema hali hiyo kwa Kiingereza atakuta vitenzi na vielezi vingi, na madarasani wengi wameambiwa kwamba vyote vina maana moja: kufanya jambo kwa shida. Sivyo. Kila kimoja hueleza shida ya aina yake, na baadhi hueleza pia kama jambo lilifanikiwa au lilishindikana. Ukikosea hapo, unampa msikilizaji habari ya uongo bila kukusudia.

Dhana: "Barely" ni kukosa.

Ukweli: "Barely" ni kupata, ila kwa mbinde. Chukua mtihani wa kidato cha nne Tanzania: alama 30 ni D, alama 29 ni F. Mwenye 30 atasema "I barely passed". Mwenye 29 atasema "I nearly passed", yaani nusura afaulu, na hakufaulu. Kijana mwenye D ya Hisabati akisema "I nearly passed" kwenye usaili, amejifelisha kwa mdomo wake.

Tena, "barely" tayari ina harufu ya ukanushi, kwa hiyo usiiongezee "not". "I didn't barely pass" ni kosa. "Hardly" na "scarcely" hufuata kanuni hiyohiyo. Na hapa tunasisitiza kwa sababu kosa hili linaonekana mno kwenye barua za kuomba kazi: "hardly" haimaanishi kwa bidii. Anayeandika "I hardly work" amemwambia mwajiri kwamba hafanyi kazi kabisa, au anaigusa kidogo tu. Bidii ni "hard": "I work hard".

Dhana: Kwa jambo lililopita, "could" inatosha kuonyesha kwamba ulifanikiwa.

Ukweli: "Could" hueleza uwezo wa jumla: "He could swim when he was six". Kwa tukio moja lililotimia kwa taabu, sema "managed to". Ziwa limechafuka, mashua imeyumba, lakini mmefika Ukerewe: "We managed to reach Ukerewe". Hapo "we could reach" haikai. Ukikanusha, mambo hubadilika, na "we couldn't reach Ukerewe" ni sahihi kabisa. Baada ya "managed to" weka kitenzi kikavu, bila "-ed" wala "-ing". Ukitumia "succeeded", muundo ni mwingine: "We succeeded in reaching Ukerewe".

"Struggled to" ni mtego zaidi, maana huonyesha taabu na kunyamazia mwisho. "He struggled to pay the fees": je, ada ililipwa? Sentensi haisemi, na wasikilizaji wengi watadhani hali ilikuwa mbaya. Kama ililipwa, malizia: "but he managed in the end".

Dhana: "Get by", "make do" na "scrape by" unaweza kubadilishana upendavyo.

Ukweli: "Get by" ni kusukuma maisha. Kiasi cha fedha hutanguliwa na "on": "We get by on 10,000 shillings a day". Kwa lugha tumia "in": mwongoza watalii wa kisiwa cha Saanane akisema "I can get by in German", anadai Kijerumani cha kueleweka, si cha ufasaha.

"Make do with" ni kutumia kilichopo badala ya ulichokitaka. Sangara hakuna, umechukua dagaa: "We made do with dagaa". Kinachobadilika ni "make" peke yake (makes do, made do), "do" haiguswi. Wapo hata wazawa wa Kiingereza wanaoandika "make due", nao wanakosea.

"Scrape" hutegemea mkia wake. "Scrape by" ni maisha, "scrape through" ni mtihani au usaili, "scrape together" ni kuchangachanga fedha: "She scraped together the bus fare to Dodoma".

Dhana: "Eke out" ni kubana matumizi tu.

Ukweli: Asili yake ni kuongeza. Neno "nickname" lenyewe lilitokana na "an eke name", jina la nyongeza. Ndiyo maana mpishi anayechanganya unga wa mahindi na udaga ili utoshe watu wote anaweza kusema "I eked out the maize flour with cassava". Matumizi yaliyoenea zaidi leo ni "eke out a living", kupata riziki kidogokidogo kwa jasho jingi. Hutamkwa "iik", na "out" haidondoshwi.

Mengine ni mafupi. "Cope up with" inasikika sana Afrika Mashariki, lakini Kiingereza sanifu ni "cope with", yaani kumudu hali ngumu. Hiyo "up" ni ya "keep up with". Baada ya "survive" (kunusurika), ajali hutajwa bila "from": "She survived the accident". Kwenye "make ends meet" (kumudu mahitaji kwa kipato ulichonacho), "ends" hubaki katika wingi, na usemi huu mara nyingi hufuata "struggle to" au "can't".

Jambo la mwisho ni mahali pa kuyatumia. "Scrape by" na "get by" ni vya mazungumzo. Kwenye barua ya kuomba ufadhili wa masomo, andika "My family struggles to meet its basic needs", kisha taja kipato na idadi ya wanaokitegemea.