Baridi husingiziwa

Shangazi yangu yuko Pangani, na kila Jumapili jioni hunipigia simu. Tangu nimweleze kwamba najiandaa na marathoni huku Massachusetts, Marekani, tena kwenye theluji, marahaba haijamtoka sawasawa keshauliza: "Mwanangu, hayo mapafu hayajakugandia kifuani?" Simcheki. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na imani hiyo hiyo, tena kwa ushahidi wa macho: mvuke unatoka mdomoni kama birika, kope zinashikana kwa barafu, na koo linawaka kama la aliyemeza pilipili kichaa.

Marathoni ya Boston hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, na ipo tangu 1897. Ukihesabu wiki 16 au 18 kurudi nyuma unaangukia Desemba, mwezi ambao jua la hapa linazama saa kumi na robo jioni, wewe bado uko kazini. Anayeitaka Boston na anaishi huku hana pa kuikwepea theluji. Kundi letu lina watu kama 15 na hakuna anayelipwa kukimbia: muuguzi kutoka Kitale, dereva wa lori mzaliwa wa Bukavu, mwalimu mstaafu wa hapa hapa mwenye miaka 67, na wengine. Jumamosi saa moja asubuhi tunakutana Newton, palipo na vilima vya njia yenyewe ya mashindano. Misimu minne nimesikia mengi kwenye maegesho yale, na karibu yote yana kosa moja: baridi hubebeshwa lawama, na kinachotuumiza kweli hakitajwi.

"Mapafu yataganda"

Hayagandi. Hewa ikiingia puani na kooni inapita mahali penye damu ya moto na unyevu, ikifika mapafuni imeshapashwa. Kinachochoma ni ukavu. Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo sana, kwa hiyo koo na njia za hewa hutoa maji yao kuilainisha, na ndicho chanzo cha kile kikohozi kikavu cha Jumamosi mchana. Kitambaa chepesi mdomoni kinatosha. Mwenye pumu ni habari nyingine: hewa kavu huweza kumbana kifua, basi azungumze na daktari wake kwanza na dawa ya kuvuta asiiache nyumbani. Mafua nayo huletwa na virusi, na virusi hivyo tunaambukizana ndani, kwenye ofisi na mabasi yaliyofungwa madirisha.

Kinachoganda ni ngozi: vidole, masikio, ncha ya pua. Baridi ukijumlisha na upepo ikifika kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Siku hiyo tunabaki ndani bila aibu.

Mapafu yaliyoganda sijayaona, ila watu watatu nimewaona wakianguka chini mbele yangu, na mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Theluji huyeyuka mchana ikaenea barabarani, usiku ikaganda tena, ikaacha utando mwembamba usio na rangi. Asubuhi unaona lami tu. Mguu ukishateleza ndipo unajua ulichokanyaga. Siku hizi tunakata hatua fupi na kufuata palipomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, hata kama ni kuzunguka.

"Vaa kila ulicho nacho"

Hii iliniponza mwenyewe. Jumamosi yangu ya kwanza nilivaa fulana ya pamba, sweta juu yake, koti la kazini, na suruali mbili. Mwalimu alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye raba, akasema: "Kama husikii baridi ukiwa umesimama hapa, umezidisha." Nikaona ananionea gere kwa joto langu. Kilomita ya sita nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Kilomita ya kumi tukageuka kurudi, upepo ukawa wa usoni, na ile pamba iliyolowa ikaanza kunipoza kama mtungi. Nilifika kwenye gari vidole vimekufa ganzi, nikashindwa kubonyeza ufunguo. Dereva wetu wa Bukavu ndiye aliyenifungulia mlango, akanivua glavu kama mtoto.

Mwili unaokimbia ni jiko. Robo hivi ya nishati ya misuli ndiyo inayokwenda kwenye mwendo, iliyobaki inageuka joto. Kwa hiyo tunavaa kana kwamba nje pana joto zaidi kwa nyuzi nane au kumi, tunaanza tukitetemeka kidogo, na pamba haigusi ngozi. Jambo la pili ambalo hakuna duka litakalokuuzia: ondoka upepo ukiwa usoni ungali mkavu, urudi ukiwa mgongoni umeshatoka jasho.

Kuhusu mafuta ya mgando, ambayo sisi watu wa pwani tunayaamini kwa kila ugonjwa: yanasaidia ngozi isichubuke, hayakingi kuganda. Na wanaosema kwenye baridi maji si lazima wanadanganywa na kiu, maana baridi huipunguza kiu huku jasho na pumzi vikiendelea kutoa maji. Si kwamba ujijaze. Kunywa kupita kiasi nako huleta hatari yake, chumvi ya damu ikishuka. Chupa ibebe kichwa chini. Maji huganda kuanzia juu, hivyo mdomo wa chupa unabaki wazi.

"Ninyi mbio ziko damuni"

Hii naambiwa na wenyeji, kwa nia njema kabisa, wakishajua natoka Afrika Mashariki. Mimi ni mtoto wa Pangani, usawa wa bahari, na mbio nilizozijua zilikuwa za kukimbilia basi. Wakenya wanaoshinda huku wengi wametoka Bonde la Ufa na wanafanya mazoezi sehemu kama Iten, mita 2,400 hivi juu ya bahari, mara mbili kwa siku, miaka nenda rudi. Muuguzi wetu wa Kitale akiulizwa siri yake hujibu kwamba ni zamu za usiku.

Kinachonikera ni kwamba maneno ya damu yanafuta kazi. Juma Ikangaa, Mtanzania wetu, alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, saa 2:08:43 kwa saa 2:08:44, na Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Sekunde moja baada ya kilomita 42 hailetwi na damu.

Na kama unataka mfano wa mtu wa kazi na mshahara, chukua 2018. Ilinyesha mvua ya baridi tangu mwanzo, upepo mkali wa mbele, na wakimbiaji wengi wa kulipwa wakaacha njiani. Aliyeshinda kwa wanaume ni Yuki Kawauchi wa Japani, wakati huo mwajiriwa wa serikali huko Saitama, aliyekuwa akifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Januari mosi ya mwaka huo huo alikuwa amekimbia marathoni nyingine hapa hapa Massachusetts, mji wa Marshfield, kwenye baridi kali mno, kwa saa 2:18:59. Kwa wanawake, wa pili alikuwa Sarah Sellers, muuguzi kutoka Arizona ambaye watu walikuwa hawamjui. Muuguzi wetu ana picha yake kwenye simu.

"Maumivu ni sehemu ya mazoezi"

Kwa hii sina mzaha.

Msimu wangu wa pili, katikati ya Februari, nilianza kuumwa ugoko wa kushoto. Nikajiambia ni baridi, misuli imekaza, itafunguka. Kilomita tatu za kwanza inauma, kisha inapoa, nami nikaona nimethibitisha. Wiki mbili hivyo. Nilikuwa na ratiba imebandikwa kwenye friji na kila siku niliyokimbia naiwekea alama. Nafasi tupu moja iliniuma kuliko mguu.

Jumamosi moja muuguzi aliniona nachechemea kutoka kwenye gari. Hakuuliza. Aliniketisha kwenye buti la gari lake, akavua glavu, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya mfupa kuanzia chini ya goti. Hapa vipi? Hakuna kitu. Hapa? Hakuna. Kisha akafika mahali padogo, padogo kama shilingi, nikaruka. "Usiku inauma?" Ndiyo. "Simama mguu mmoja uruke." Sikuweza. Akaniambia: "Kaka, leo unakimbia na nani? Maana sisi hatuendi na wewe."

Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, na mhudumu wa zahanati niliyokwenda akaniambia niendelee. Muuguzi akanibishia, maana ufa mwembamba wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei siku za mwanzo. Kipimo cha MRI kikauonyesha. Wiki sita bila kukimbia, na Boston ya mwaka ule ikaenda bila mimi.

Uchovu wa misuli huwa mpana, huwa pande zote mbili, na siku mbili tatu ukaisha. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayokufuata hadi kitandani, ni kengele. Na ile hofu kwamba wiki moja ya kulala inafuta miezi mitatu haina msingi. Kinachopungua mapema ni ujazo wa damu, nao unarudi haraka. Ningelala wiki moja mwanzoni labda nisingelala sita.

Dhana ya jirani yake ni kwamba lazima ukimbie kilomita 42 nzima mazoezini. Ratiba nyingi za watu kama sisi zinaishia 29 hadi 35, wiki tatu hivi kabla, kisha unapunguza.

"Boston ni mteremko"

Ni kweli, na hapo ndipo mtego. Njia inaanzia Hopkinton na kushuka jumla ya mita 140 hivi hadi Barabara ya Boylston, mwisho wa mbio. Ndiyo sababu mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia saa 2:03:02, kasi ambayo hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ameifikia kwenye marathoni, na haikuandikwa kama rekodi ya dunia. Lakini kwenye mteremko mapaja ndiyo breki. Misuli inavutwa huku ikijikaza, inachanika kidogo kidogo bila wewe kusikia, na deni linadaiwa Newton.

Heartbreak Hill, kilima cha kuvunja moyo, kinasifiwa kama Usambara. Mgeni akionyeshwa huuliza kiko wapi. Kinapanda chini ya mita 30 tu. Ukali wake ni kwamba ni cha nne na cha mwisho, na unakikuta baada ya kilomita 32. Tunapokipanda Jumamosi tukiwa na nguvu tunapiga hata soga.

Mteremko ndio kasoro ya mashine ya kukimbilia ndani, wala si kwamba kuitumia ni "udanganyifu" kama watu wanavyosema. Siku ya barafu mashine ni akili. Moyo na mapafu havijui kwamba uko chumbani. Ila mashine nyingi hazishuki, na mapaja yaliyofundishwa kupanda tu yatakuja kuulizwa swali jingine Aprili.

"Kundi ni la wenye kasi"

Nilikaa nje ya kundi miezi miwili nikiamini hivyo. Kumbe kwenye mazoezi marefu wenye kasi ndio wanaohangaika zaidi, kwa kuwa mbio hizo zinatakiwa ziwe za taratibu, mtu aweze kusema sentensi nzima. Mwalimu huwavuta shati.

Zile wiki sita za mguu nilidhani nimekwisha kutoka. Jumamosi ya kwanza dereva akanipigia saa kumi na mbili asubuhi: "Ndugu, tuna magari lakini hatuna wa kushika makoti." Nikawa mshika makoti. Niliegesha Commonwealth Avenue, karibu na kituo cha zimamoto pale njia inapopinda kulia kuingia vilimani, buti limejaa glavu kavu, ndizi, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Walikuja wawili wawili, barafu kwenye ndevu, wakanywa wima. Wa mwisho alikuja dakika 40 baada ya wa kwanza, na wa kwanza walikuwa hawajaondoka.

"Ukishaizoea baridi umemaliza"

Mwaka 2012 watu walifika Hopkinton na miili ya theluji, wakakuta joto lililopita nyuzi 30. Waandaaji waliwaruhusu waahirishe hadi mwaka uliofuata, maana mwili huhitaji kama wiki mbili kuzoea joto na Massachusetts haikuwa imempa mtu wiki hizo. Wengi walikimbia hata hivyo, polepole.

Hili shangazi nimemweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi Machi nirudi Pangani, joto lipo la bure.

Jumamosi hii wametabiri nyuzi tisa chini ya sifuri, upepo wa kaskazini. Tutaanza kuelekea kaskazini. Zamu ya chai ni yangu, na mwalimu amekumbusha tangawizi isiwe nyingi kama mara iliyopita.