Mashambulizi ya mpira wa kikapu hujengwaje juu ya uwezo wa wachezaji?

Ukimuuliza shabiki timu yake inashambuliaje, mara nyingi atakutajia jina la mtu. Warriors? Curry. Denver? Jokić. Jibu hilo si baya, ila limeishia njiani. Mashambulizi ni makubaliano ya watu watano: nani ashike mpira, aushikie wapi, na wale wanne wasio nao wawe wamesimama wapi au wanakimbilia wapi wakati huohuo. Muda wenyewe ni mfupi. Tangu msimu wa 1954/55 NBA, ligi kuu ya Marekani, huipa timu sekunde 24 za kurusha, na FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, nayo leo inatumia sekunde hizohizo. Ukitoa zile za kuvuka nusu ya uwanja na zile za mwisho ambazo kila mtu ana haraka, zinabaki kama 15 za kufanya jambo la maana.

Kujenga mashambulizi juu ya uwezo wa wachezaji maana yake ni kwamba kocha haanzi na michoro aliyoiona kwa timu nyingine. Anaanza na watu alionao. Swali la kwanza: kati ya hawa, ni nani ambaye mlinzi mmoja hamtoshi? Akishapatikana, mlinzi wa pili atalazimika kusogea kusaidia, na akisogea tu, washambuliaji wanne waliobaki wanakabwa na walinzi watatu. Kuanzia hapo kazi ni kuufikisha mpira kwa aliyeachwa kabla ulinzi haujajipanga upya. Ondoa majina na mbwembwe, na utakuta karibu kila mfumo mzuri, uwe wa NBA au wa ligi ya mkoa, unaitafuta hesabu hiyo.

Kinachotofautiana ni njia ya kumvuta huyo mlinzi wa pili. Phoenix Suns walishinda mechi 29 msimu wa 2003/04. Mwaka 2004 wakamsajili Steve Nash, kocha Mike D'Antoni akawaachia wakimbie, Amar'e Stoudemire akawa anaudaka mpira akiwa tayari njiani kuelekea kikapuni, na warushaji wakasubiri pembeni. Msimu uliofuata walishinda 62. Orlando ya 2009, iliyofika fainali chini ya Stan Van Gundy, ilikuwa na Dwight Howard chini ya kikapu na warushaji wa mbali wamemzunguka. Ukienda kumsaidia anayemkaba Howard, nyuma yako kuna mtu yuko huru kwenye mstari wa pointi tatu.

Stephen Curry ni habari nyingine kabisa, kwa sababu yeye huwavuta walinzi hata mikono ikiwa mitupu. Mtazame anapokwenda kumwekea mwenzake skrini, yaani kusimama imara kwenye njia ya mlinzi ili mwenzake apite. Kwa kawaida skrini ni kazi ya watu wenye miili mikubwa. Lakini anayemkaba Curry haogopi kugongwa; anaogopa kumwachia Curry hatua mbili. Kwa hiyo anamng'ang'ania, hamsaidii jirani yake, na yule aliyewekewa skrini anapita hadi chini ya kikapu bila kuguswa. Watazamaji wengi hawauoni mchango wa Curry hapo, maana hakugusa mpira. Kocha Steve Kerr alipoichukua Golden State Warriors, timu ya Curry, mwaka 2014 aliitaka timu ipige pasi zaidi na itembee zaidi. Ubingwa ulikuja 2015. Msimu wa 2015/16 Curry alifunga mitupo 402 ya pointi tatu na timu ikashinda mechi 73 kati ya 82.

Denver, senta anapokuwa mpishi

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Denver Nuggets, kwa sababu ulijengwa polepole na makosa yake yalionekana hadharani. Nikola Jokić, kijana wa Sombor, Serbia, ni senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu; alichaguliwa namba 41 mwaka 2014 kwenye drafti, zamu ya timu za NBA kuchagua wachezaji wapya. Jina lake lilipita kwenye runinga ya Marekani wakati tangazo la biashara likiendelea. Mwanzoni mwa msimu wa 2016/17 kocha Michael Malone alijaribu kumchezesha pamoja na senta mwingine, Jusuf Nurkić. Wote wawili walihitaji eneo lilelile, na kila mmoja alimletea mwenzake mlinzi wa ziada. Haikwenda. Katikati ya Desemba 2016 Malone alimweka Jokić peke yake kama senta wa kuanza, na Februari iliyofuata Nurkić akahamishiwa Portland. Baada ya uamuzi ule mashambulizi ya Denver yakawa miongoni mwa bora kabisa kwenye ligi.

Jokić hakimbii sana wala haruki juu. Uwezo wake ni kuona na kupasi, na ana mkono laini wa kurusha akiwa karibu. Kocha mwenye mawazo ya zamani angemwambia akae chini ya kikapu agombee ribaundi (mipira iliyokosa kikapu), maana ana urefu wa mita 2.11. Denver walimtoa juu, kwenye pembe za mstari wa mitupo huru, na kumkabidhi kazi ambayo timu nyingine huwapa pointi gadi, wale wanaoongoza mashambulizi wakiwa na mpira. Hapo anauona uwanja wote wa mbele, na mlinzi wake, ambaye kwa kawaida ndiye mrefu kuliko wote upande wa pili, amelazimika kuliacha eneo la kikapu.

Sasa tazama shambulizi lao moja la kawaida kutoka ile timu ya 2023. Jokić yuko kwenye pembe na mpira. Jamal Murray anatoka kona mbio kumfuata, anaupokea mkononi, na hapohapo mwili wa Jokić unakuwa ukuta mbele ya mlinzi wa Murray. Senta wa wapinzani akibaki nyuma kulinda kikapu, Murray anasimama ghafla na kurusha kutoka mita tano, mtupo anaoupenda. Senta akimpandia Murray, mpira unarudi kwa Jokić, ambaye hana mtu mbele yake. Mlinzi wa Aaron Gordon akitoka kwenye mstari wa nyuma kumzuia Jokić, mpira unarushwa juu na Gordon anaudanki, yaani anaupigilia kikapuni kwa mkono. Anayemkaba Michael Porter Jr. akivutwa ndani, pasi inatoka hadi kona, na Porter ana urefu wa mita 2.08, hivyo ukimkimbilia umechelewa unaufikia mkono wake tu. Na mlinzi wa Murray akijifanya mjanja, akawahi mbele kabla mpira haujatoka mkononi mwa Jokić, Murray anageuka na kukata nyuma yake kwenda kikapuni.

Hilo ni tendo moja, watu wawili wakipokezana mpira, na milango mitano imefunguka. Hakuna anayehitaji kuita namba ya mchezo kutoka benchi. Anachotakiwa kila mmoja ni kumsoma mlinzi na kuchukua alichoachiwa.

Gordon ndiye anayenivutia zaidi hapo. Alipokuwa Orlando, kijana aliyewashangaza watu kwenye shindano la kudanki la 2016, alipewa kazi ya kudunda na kujitengenezea mitupo, kazi isiyomkaa vizuri. Denver walipomchukua Machi 2021 walimpunguzia majukumu: kaa karibu na mstari wa nyuma, subiri macho ya Jokić, kata, danki, kamkabe mtu mgumu zaidi wa upande wa pili. Alionekana mchezaji bora zaidi akiwa na kazi chache. Kentavious Caldwell-Pope aliyekuja 2022 alikuwa hivyohivyo: kona, pointi tatu, ulinzi, basi.

Mwaka 2023 waliifunga Miami fainali kwa mechi 4 kwa 1. Katika mechi ya tatu Jokić alipata pointi 32, ribaundi 21 na pasi za mabao 10. Murray akapata 34, 10 na 10. Haikuwahi kutokea kwenye NBA wachezaji wawili wa timu moja kufikisha pointi 30 na kumi-kumi za ribaundi na pasi katika mechi moja.

Hesabu ya mtupo

Kuna hesabu inayofanya mambo haya yote yaeleweke. Timu inayofunga mitupo 36 kati ya 100 ya pointi tatu inapata pointi 108. Ili kupata hizohizo kwa mitupo ya pointi mbili, lazima ifunge 54 kati ya 100. Kutoka chini ya kikapu hilo linawezekana. Kutoka mita tano au sita ni wachache mno wanaoliweza. Ndiyo maana makocha wengi wa leo wanataka mpira uishie kikapuni au nje ya mstari, na katikati pawe njia ya kupita.

Lakini hesabu hiyo ni ya wastani, na mchezaji si wastani. Kumkataza Murray mtupo wake wa mita tano kwa sababu jedwali limesema ni kutupa mali. Vivyo hivyo, kumlazimisha fowadi asiyejua kurusha asimame kona ili tu uwanja uonekane mpana hakusaidii, kwa sababu walinzi hawamfuati. Upana wa uwanja hupimwa kwa hofu ya mlinzi. Mtu akisimama mahali ambapo hakuna anayemwogopa, ni sawa na kuwa hayupo.

Denver wenyewe walilipa bei hiyo. Nusu fainali ya ukanda ya 2024, Minnesota walimpa Karl-Anthony Towns kazi ya kumkaba Jokić, wakamwacha Rudy Gobert azurure karibu na kikapu akiwa rasmi anamkaba Gordon, ambaye mitupo yake ya mbali hawakuihofia sana. Ule mlango wa Gordon kudanki ukabanwa, Minnesota wakashinda katika mechi saba. Kiangazi hicho Caldwell-Pope akahamia Orlando, Russell Westbrook akasajiliwa, na timu nyingi zikawa zinamwachia Westbrook arushe kutoka mbali huku mlinzi wake akijaa katikati. Mfumo ulikuwa uleule na Jokić yuleyule. Mtu mmoja alibadilika kwenye kona, nafasi ikapungua. Mwaka 2025 Oklahoma City walifika mbali zaidi: mechi ya saba walimwekea Jokić Alex Caruso, gadi wa mita 1.96, akimsukuma na kumzuia asipokee mpira, huku wenzake wakisubiri nyuma kusaidia. Denver wakatolewa.

Ukiujenga mfumo juu ya mtu mmoja, kuna tatizo jingine: dakika anazopumzika. Kwa miaka kadhaa Denver walikuwa timu nyingine kabisa Jokić akiwa benchi, kwa sababu hakuna senta wa akiba anayeweza kuiga kazi ile. Kwa maoni yangu kocha anahitaji mfumo wa pili, mdogo na rahisi, uliojengwa juu ya watu wa akiba wenyewe. Kumwambia senta wa akiba acheze kama Jokić kwa dakika kumi ni kumwonea.

Na mchezaji naye anaweza kuangukia mahali pasipomfaa. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wa Tanzania namba 2, Curry akaenda namba 7. Nguvu ya Thabeet ilikuwa kuzuia mitupo. Kwenye kushambulia alihitaji mpira umfikie akiwa tayari karibu na kikapu. Memphis hapo walikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph, wote wawili watu wa kuletewa mpira eneo lilelile. Sisemi hilo ndilo lililoamua safari yake yote, lakini kwa senta kijana palikuwa pembamba.

Kwa anayefundisha huku kwetu

Kocha wa timu ya mtaa anayeangalia video za NBA usiku na kuja kuzifundisha jioni pale Don Bosco Upanga, Dar es Salaam, ana jambo moja la kuzingatia, nalo ni sheria. NBA humkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu kwenye eneo la chini ya kikapu ikiwa hamkabi mtu kwa karibu. FIBA haina katazo hilo kwa walinzi. Kwenye ligi zetu, mrefu wa wapinzani anaweza kupiga kambi pale chini shambulizi zima, na gadi mwepesi anayempita mtu wake anakutana na ukuta. Tena mstari wa pointi tatu wa FIBA uko mita 6.75, kona zikiwa 6.60, wakati wa NBA ni mita 7.24 na kona 6.70. Mlinzi wa huku ana umbali mfupi zaidi wa kukimbia kutoka ndani hadi kwa mrushaji.

Kwa hiyo timu yenye gadi mwepesi na isiyo na mrefu wa kutisha haifiki mbali kwa kumwambia gadi "ingia, ingia" kila mara. Itafute kwanza nani anajua kupasi akiwa amekipa kikapu mgongo, imweke kwenye mstari wa mitupo huru, katikati ya zoni, yaani ulinzi ambao kila mlinzi analinda eneo badala ya mtu. Mpira ukimfikia pale, yule mrefu aliyepiga kambi lazima achague: apande au abaki. Akipanda, gadi anakata nyuma yake. Akibaki, mpokeaji anageuka na kurusha kutoka mita nne na nusu, na mazoezini kocha ampe mtupo huo mara nyingi kuliko mwingine wowote. Warushaji wawili bora wakae kona, hata kama wamezoea kurusha kutoka juu, kwa sababu kutoka kona ndipo walinzi wa nyuma wa zoni wanapovutwa mbali na kikapu. Na yule wa tano, kama harushi, asikae nje kwa ajili ya picha. Akae kwenye mstari wa nyuma karibu na kikapu, mikono juu, akisubiri ribaundi au pasi fupi.