Homa inayorudi: tuitazame sakafu

Mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kimekolea, nilikwenda kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, kwa sababu ya kuku waliokuwa wakifa. Mimi ni daktari wa mifugo; sikwenda kutazama watu. Bibi mwenye kuku alinikaribisha kwenye tembe lake, nyumba ya udongo, nikainama kupita mlangoni. Upande mmoja walilala wajukuu, juu ya ngozi na mkeka. Upande wa pili, nyuma ya kizuizi cha fito, walilala mbuzi na ndama. Kuku walikuwa na mdondo, tukashughulika nao. Lakini wajukuu wawili walikuwa wamejikunja kwa homa, nikamuuliza bibi kama nyumba ina papasi, wale jamii ya kupe wanaojificha nyufani na kuambukiza homa.

"Wapo, mwanangu. Ila hao mchana huwaoni."

Nikachukua kijiti, nikachokonoa ufa chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Likamwagika vumbi, na ndani yake kitu cha kijivu, kilichokunjamana kama zabibu kavu. Kilitulia kwa muda, kisha kikatoa miguu. Ufa ule mmoja ulitutolea kumi na mmoja.

Papasi si kupe tunayemnyofoa kwenye sikio la ng'ombe. Kupe hung'ang'ania siku kadhaa. Papasi hutoka usiku, hunyonya kwa karibu nusu saa, hurudi ufani kabla hujaamka. Akikosa damu husubiri, na anaweza kusubiri miaka. Ndiyo maana tembe lililohamwa si salama kwa mgeni atakayelala humo. Tena mama papasi huweza kurithisha vimelea vya homa kwa watoto wake kupitia mayai, kwa hiyo kizazi kipya huanguliwa kikiwa tayari na ugonjwa.

Homa ya papasi humshika mtu kwa siku chache: joto kali, kichwa, viungo, kutapika. Kisha hushuka, mgonjwa akadhani amepona. Baada ya wiki moja hivi hurudi. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito, kwani inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Hospitali ya Mvumi, huko huko Chamwino, imewahi kutibu wagonjwa wengi wa homa hii, na madaktari wake waliandika juu yake.

Kinachonisumbua mimi ni hiki: kipimo cha haraka cha malaria hakiuoni ugonjwa huu. Kinatafuta malaria tu. Vimelea vya homa ya papasi ni vyembamba, vimejisokota kama uzi, na huonekana kwa kuchunguza damu kwa hadubini, hasa homa ikiwa juu. Mtu akiambiwa "huna malaria", akapewa vidonge vya maumivu na kurudi kulala pale pale ukutani, tumemrudisha kwa papasi. Na dawa ipo: antibiotiki za kawaida huutibu. Ila zitolewe kituoni, maana saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka na kuzidiwa kabla hajapata nafuu.

Silitukani tembe. Wagogo walilijenga kwa akili ya nchi hii yenye upepo, jua kali, na mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, ikija kubwa yake kati ya Desemba na Aprili. Paa lake la udongo hupoza mchana na kutunza joto usiku, na mifugo iliyo ndani haiibiwi wala hailiwi na fisi. Tatizo ni nyufa, na kulala sakafuni.

Na mifugo nayo huumia. Ndama anayelala juu ya mkojo na samadi mbichi, chumba hakina dirisha, huvuta hewa kali inayounguza njia ya pumzi, na hapo homa ya mapafu hupata mlango. Kuku wanaolala ndani humlisha papasi hata wenye nyumba wakisafiri. Kwa wafugaji wa nguruwe, papasi wa jamii hii wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba.

Nje ya nyumba kuna nzi. Kongwa ni wilaya ya Dodoma ambako utafiti wa vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, umefanyika tangu miaka ya 1980. Nzi anayetua kwenye macho ya watoto na kusambaza vimelea hupenda kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya choo cha shimo hazaliani. Kwa hiyo choo, hata cha miti na udongo, hulinda macho. Uso wa mtoto kuoshwa nao ni kinga, na kwa kazi hiyo kopo moja la maji linatosha, hata kisima kikiwa mbali.

Mvua nyingi nazo zina hatari yake. Mayai ya mbu wanaobeba Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza pia watu, hukaa miaka kwenye udongo mkavu wa mabonde ya mbuga, yakisubiri mafuriko. Mwaka 2007 yalianguliwa. Mifugo ikatupa mimba, na zaidi ya watu 100 wakafa nchini, Dodoma ikiathirika kuliko mikoa mingine. Mimba iliyotupwa usiishike kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe.

Kwa bibi yule tulianza na kilichowezekana. Vijana walichimba udongo wa kichuguu, wakaukanda, wakaziba nyufa zote na kusiliba sakafu hadi ikawa laini. Saruji ingedumu zaidi, lakini fedha haikuwepo. Mbuzi na ndama wakajengewa banda la fito nje, limezungushiwa miiba, na kuku wakapata tundu lililoinuliwa. Vitanda viwili vya kamba vikasogezwa mbali na ukuta, na juu yake chandarua chenye dawa. Kusiliba hurudiwa kila baada ya mavuno, kwani udongo hupasuka tena.

Wajukuu walipelekwa kituo cha afya chenye hadubini. Bibi nilimwachia maneno ya kumwambia mhudumu, na wewe unaweza kuyatumia: homa hii imeondoka na kurudi, kipimo cha malaria hakikuona kitu, na tunalala nyumba ya udongo yenye papasi.