Masi ya gari na taa za dashibodi zinazochezacheza

Masi ni njia ambayo umeme wa gari hupitia unaporudi kwenye betri baada ya kufanya kazi yake. Katika gari dogo la kawaida, betri ni ya volti 12, na upande wake hasi umefungwa kwa waya mnene kwenye bodi na kwenye injini. Kila kifaa, iwe taa, redio au feni, huletewa umeme kwa waya wake, lakini kwa kurudi hutumia chuma cha gari lenyewe. Mwenye gari wa Goma akiambiwa na fundi kwamba masi imekufa, mara nyingi hudhani kuna kipuri kikubwa cha kununua, ilhali aghalabu kinachotakiwa ni spana na msasa.

Chuma safi kilichokazwa vizuri hakiuzuii umeme kwa kiasi cha kuhisiwa. Pakiingia kutu, rangi au uchafu kati ya kichwa cha waya na bodi, hujitokeza ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, na ukinzani mdogo sana unatosha kuleta balaa. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja huvuta pamoja ampia 9 hivi. Zikirudisha umeme wao kupitia masi yenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu (kipimo cha ukinzani), karibu volti nzima hupotea pale pale kwenye bolti. Taa za dashibodi zinazotumia masi hiyo hiyo hunyimwa volti hiyo, na kama ni balbu za waya, hupoteza karibu robo ya mwanga wao, kwa sababu mwanga wa balbu ya namna hiyo hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka. Muunganisho ukiwa unagusa na kuachia, mwanga nao hupanda na kushuka.

Hapa kwetu sababu za kulegea hazitafutwi mbali. Mitaa mingi isiyo na lami imekaa juu ya mawe ya volkeno, mengine yakiwa ya lava iliyopita katikati ya mji mnamo Januari 2002, na gari linalopita juu yake kila siku hutikiswa hadi nati zikaanza kujifungua zenyewe. Vumbi jeusi huingia penye nafasi, mvua hulilowesha, na kutu hupata makao. Wanaoosha injini kwa maji ya presha huongeza tatizo bila kujua.

Kabla ya kufungua chochote, inafaa kutazama taa zinacheza wakati gani. Zikicheza gari linaporuka mashimo tu, tafuta kilicholegea: kichwa cha betri, bolti ya masi, au swichi ya ufunguo, ambayo hujulikana kwa kutikisa ufunguo kidogo na kuona kama taa zinafuata. Zikififia kila unapokanyaga breki au kuwasha indiketa, masi inayotumiwa kwa pamoja ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zikicheza injini ikiunguruma taratibu na kutulia ukikanyaga mafuta, mashaka huhamia kwenye alteneta, mashine inayochaji betri, au mkanda wake. Ikiwa mwanga wa mita peke yake ndio unaocheza huku taa kubwa zikiwa imara, huenda kitasa cha kupunguza mwanga wa dashibodi kimechakaa ndani. Na kama kuchezacheza huonekana kwenye video ya simu tu, hakuna ubovu, kwa kuwa taa za ledi huwashwa na kuzimwa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera huidaka.

Kisha pima. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, na ikiwa 12.2 imebaki na nusu. Injini ikiunguruma, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Kipimo cha masi chenyewe hufanywa injini ikiwa inawaka, taa kubwa na feni zimewashwa: ncha nyeusi ya multimeta, kifaa cha kupimia umeme, iwe juu ya nguzo hasi ya betri yenyewe, si juu ya kibanio chake, na ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, halafu cha bodi. Volti 0.1 au pungufu ni nzuri, ikipita 0.2 kuna kitu cha kusafisha.

Kusafisha huanza kwa kufungua upande hasi wa betri, kwa sababu spana iliyo kwenye upande chanya ikigusa bodi hutoa cheche kali. Unga mweupe au wa kijani ulioota kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya moto na soda ya kuokea. Kichwa cha waya, bolti na mahali pa bodi hupigwa msasa mpaka chuma king'ae, kwani kukaza bolti juu ya rangi si kazi. Baada ya kukaza, paka grisi kwa nje kuzuia unyevu, na ufunge upande hasi mwisho. Waya uliokatika nyuzi ubadilishwe kwa mwingine wa unene ule ule.

Masi ikiwa nzima na taa bado zinacheza, tazama mkanda unaoteleza, kaboni za alteneta zilizokwisha, au dayodi iliyoungua, yaani kipande cha ndani ya alteneta kinachogeuza umeme wa mawimbi kuwa wa betri. Dayodi mbovu hugunduliwa kwa kuweka multimeta kwenye kipimo cha umeme wa mawimbi (AC) na kugusisha ncha zake kwenye betri, injini ikiwaka: kinachozidi nusu volti kinatia shaka. Usimruhusu fundi ajaribu alteneta kwa kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka. Desturi hiyo ilivumilika katika magari ya zamani, lakini betri ikiondoka ghafla volti zinaweza kuruka mara kadhaa ya kawaida na kuunguza kompyuta ya gari, ambayo ni ghali kuliko alteneta yenyewe.